Mrija Katika Kopo la Vifungo

Kazi yangu ilikuwa kukata nyuzi. Fundi akishamaliza kushona, nguo huwa haijaisha, ina mikia. Kila mshono unapoanzia na unapokomea hubaki uzi unaning'inia, na mtu asiyejua kazi huuvuta kwa kidole. Hapo kitambaa hukunjamana, mshono hulegea, na mteja hurudi kabla mwezi haujaisha, uso ameukunja kuliko nguo. Uzi hauvutwi. Uzi hukatwa, karibu na kitambaa lakini bila kukigusa, mkasi ukiwa umelala mshazari. Mshazari ni kwa sababu ncha iliyokatwa hivyo huingia kwenye tundu la sindano bila kulambwa. Binti yangu nilimfundisha hivyo kabla hajajua kuandika jina lake.

Nilikaa miaka thelathini na moja kwenye stuli ileile, dirishani, mwisho wa chumba chenye cherehani saba. Nguo zote zilipita kwangu kabla ya kwenda kwenye pasi. Mkono wangu wa kulia ulifika mahali haukuningoja tena. Nikikaa msibani nikaona uzi begani kwa mtu wa mbele yangu, nilishtukia nimeshaushika. Fundi mkuu, tuliyemwita Futi kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata siku ya harusi yake, aliwahi kuniambia, "Bibi, siku ukifa tutakufunga mikono, usije ukakata nyuzi za sanda." Tulicheka mpaka cherehani zikasimama.

Nayaeleza haya mapema ili nikifika kwenye jambo lenyewe msije mkasema mzee huyu alikuwa mzembe. Sikuwa mzembe. Ingekuwa afadhali.

Mjukuu wangu alizaliwa na jicho la kushoto lenye maji. Kila asubuhi kope zilikuwa zimegandana kwa matongo, nami nilizifungua kwa pamba na maji ya uvuguvugu, nikifuta kutoka ndani kwenda nje, kipande kimoja cha pamba kwa mfuto mmoja. Mchana machozi yalimchuruzika hata akiwa anacheka. Shavu la upande huo lilikuwa na michirizi mikavu, kama ukuta chini ya bati linalovuja. Watoto wa majirani wakamwita Mvua. Mama yake, binti yangu, alilichukia jina hilo. Mtoto mwenyewe alilipenda, ukimwita lile la kwenye cheti hageuki. Mimi nilimwita mke mwenza, kwa kuwa marehemu babu yake alimposa akiwa na siku tatu tu, akaniambia nijiandae kuhamia jikoni.

Daktari wa macho, mwanamke mdogo kuliko binti yangu, alituchorea kwenye karatasi. Machozi nayo yana bomba lake, alisema. Kwenye kona ya ndani ya jicho kuna vitundu viwili, kimoja juu na kimoja chini, vidogo kama tundu la sindano ya kushonea shanga. Machozi huingia hapo, hukaa kidogo kwenye kifuko, kisha huteremka kwenye mfereji mpaka puani. Ndiyo maana mtu akilia hupenga. Mfereji wa Mvua ulikuwa umezibwa chini na kitu chembamba, kautando tu, na maji yasiyo na pa kwenda yaliozea humo humo.

Tulianza kwa kumkanda. Ncha ya kidole kwenye kona ya jicho, unabonyeza na kushuka, mara kumi, mara nne kwa siku. Nilifanya hivyo mwaka mzima na sikuruka hata mara moja. Alipofika mwaka na nusu wakampitisha waya mwembamba kuzibua. Jicho likakauka miezi miwili, tukashukuru, halafu asubuhi moja nikakuta kope zimegandana tena.

Basi alipotimiza miaka mitatu daktari akasema safari hii ataweka mrija.

"Hatumchani uso," alisema. "Tunapita kwenye milango aliyozaliwa nayo. Mrija laini, unaingia kitundu cha juu na cha chini, ncha zote mbili zinashuka mpaka puani, tunazifunga huko. Unakaa miezi mitatu, njia inapona ikiwa imeuzunguka. Tukiutoa, njia inabaki wazi."

"Kama njia ya lastiki kiunoni mwa sketi," nikasema.

"Hasa, bibi. Kama njia ya lastiki."

"Na ikishindikana?" aliuliza binti yangu.

Daktari alifunika kalamu yake kwanza. "Ikishindikana, hatua kubwa ya mwisho ni kutoboa mfupa wa pua tumfungulie njia nyingine. Kwa mtoto wa miaka mitatu ni mahali ambapo sitaki tufike."

Nilimwona binti yangu akipitisha kidole kwenye pua ya mtoto, pembeni, polepole, kama mtu anayetafuta mfupa wenyewe uko wapi.

Kulikuwa na suala la nani atashinda naye. Binti yangu alifunga mikate kiwandani tangu alfajiri, na baba wa mtoto alikuwa kwenye kazi za barabara mbali, tukimsikia kwa simu tu. Binti yangu alitaka kwa miezi hiyo mitatu Mvua apelekwe kwa mama wa jirani, aliyelea watoto sita uani kwake na hakuwa na kazi nyingine.

"Kule kazini kwenu kuna sindano na mikasi, mama," alisema. "Na wewe macho yako sio yale."

"Nimekulea wewe na nduguzo wanne, leo nishindwe na kajicho kamoja?"

"Sijasema umeshindwa."

"Basi niachie mke mwenzangu. Akikaa uani kwa watu nitabaki kuzungumza na nani?"

Akaniachia. Neno hilo la mwisho ndilo lililomshinda, nami nilijua litamshinda.

Siku ya mrija mtoto alipewa nusukaputi, akakaa ndani muda wa mtu kushona pindo la gauni, akatoka kavimba kidogo na tone la damu puani. Basi. Uso wake haukuwa na hata mkwaruzo. Wakati wa kuturuhusu, daktari aliniuliza mimi.

"Bibi, wewe ndiye unayeshinda naye? Basi nisikilize wewe. Kwenye kona ya jicho kuna kitanzi kidogo cha mrija, hakina rangi, usipokitafuta hukioni. Akijisugua kinaweza kuchomoka kikaning'inia nje. Kikichomoka, usivute, usikate. Kibandike na plasta hapa pembeni ya pua, mje siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili."

"Usivute, usikate, plasta, siku hiyohiyo," nikarudia kama mtoto wa darasa la pili.

Plasta nilikwenda kuinunua mwenyewe nikaiweka kwenye kopo langu la vifungo, kopo la bati lililokuwa la majani ya chai, ambalo asubuhi nilikwenda nalo kazini na jioni nikarudi nalo. Binti yangu naye kila usiku alimvalisha Mvua soksi mikononi asijisugue usingizini, moja nyekundu na moja ya kijani, kwa sababu mtoto alikataa zinazofanana.

Siku kumi na tatu zikapita. Jicho lilikuwa kavu. Asubuhi niliamka kabla ya wote nikaenda kuziangalia zile kope, zimeachana zenyewe, safi, kila moja na nafasi yake.

Siku ya kumi na nne ilikuwa Alhamisi. Tulikuwa na kazi ya mapazia ya ukumbi, na pindo za mapazia yale zilishonwa kwa nailoni, uzi usio na rangi, ili mshono usionekane. Kwa mkata nyuzi hakuna adhabu kama ile. Nailoni ikianguka mezani huioni mpaka jua liipige. Ilikuwa kila mahali, kwenye sketi yangu, ndani ya kikombe cha chai, kwenye nywele za Mvua. Yeye alikuwa amekaa kwenye kistuli chake miguuni pangu akipanga vifungo kwa rangi. Futi alipopita alimpigia saluti.

"Bosi, leo umekagua?"

"Bado," alijibu Mvua. "Wewe shona."

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshamtoa nailoni tatu. Moja sikioni, moja shingoni, moja imemnasa kwenye mdomo. Akainua uso kunionyesha kifungo cha rangi ya maziwa, jua la dirishani likampiga, nami nikaona ya nne, kwenye kona ya jicho, imejipinda kwenye kope ya chini.

"Tulia, mke mwenza," nikasema.

Akatulia. Alikuwa amezoea mkono wangu usoni mwake tangu akiwa na wiki moja. Niliishika ile nailoni kwa kucha mbili nikavuta kidogo. Ikaja kidogo, kisha ikakataa. Mtoto akasema, "Aa." Uzi unaokataa hauvutwi. Mkasi ulikuwa tayari kwenye mkono wa kulia. Niliulaza mshazari, nikakata karibu na ngozi bila kuigusa, mara mbili, kwa kuwa uzi ulikuwa umejikunja mara mbili. Hakuhisi chochote. Nilikuwa mzuri katika kazi ile.

Kilichobaki vidoleni kilikuwa na urefu wa kiungo cha kidole kidogo. Nailoni ina ukavu, ukiisugua hukwaruza. Hiki kilikuwa laini, kinateleza kama tambi iliyopikwa. Nikakielekeza kwenye mwanga. Kilikuwa na tundu katikati.

"Bibi, umetoa?"

"Nimetoa."

"Asante," alisema Mvua, akarudi kwenye vifungo vyake.

Niliangalia kona ya jicho. Hapakuwa na kitu. Ncha zote mbili zilikuwa zimerudi ndani.

Futi alinyanyua kichwa kutoka kwenye meza ya kukatia. "Bibi, umejichoma?"

"Hapana."

"Mbona uso umepauka kama kitambaa kilicholowekwa dawa ya madoa?"

"Jua tu."

Futi alikuwa na pikipiki. Hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa. Plasta ilikuwa ndani ya kopo, karibu na goti langu, haijafunguliwa. Nimeipima nusu saa ile kila upande, kama mtu anayetafuta namna ya kupata gauni kwenye kitambaa kisichotosha, na kila nikiipima ilikuwa inatosha. Ilikuwa inabaki. Lakini nilijua kwamba nikifungua mdomo, kesho yake Mvua atakuwa uani kwa mama wa jirani, na kistuli chake kitakuwa kitupu. Nikakifunga kile kipande kwenye karatasi ya sindano, nikakisukuma chini kabisa ya kopo. Nikachukua pazia jingine.

Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi wangu alikuwa amekaa miguuni pangu ananihesabia vifungo.

Jioni binti yangu alirudi akinukia hamira, akamketisha mtoto chini ya taa, akamwangalia kama kila siku.

"Kakavu," alisema.

"Kakavu," nikasema.

Na kweli lilikuwa kavu. Ijumaa kavu, Jumamosi kavu. Nikaanza kujidanganya kwamba labda wiki mbili zilitosha, labda madaktari hutaja miezi mitatu kama sisi tunavyomwambia mteja Ijumaa ilhali nguo itakuwa tayari Jumatano. Jumapili asubuhi nikaamka kabla ya wote nikaenda kuangalia. Kope za kushoto zilikuwa zimegandana.

Binti yangu alikaa kitandani ameshika mikono mitupu ya mtoto. Jumamosi usiku alikuwa ametoka zamu mbili mfululizo, akalala na viatu, na soksi zilibaki juu ya meza, nyekundu na kijani.

"Ni mimi," alisema. "Nilisahau soksi. Kajisugua usiku, kamevuruga kila kitu. Ni mimi, mama."

Hapo ndipo mlango ulipofunguka kwa mara ya pili, nami ningeweza kupita. Kopo lilikuwa kwenye rafu, juu ya kichwa chake.

"Usijilaumu," nikamwambia. "Watoto ni watoto."

"Usiku mmoja tu nimesahau."

"Umechoka, mwanangu. Mungu anaona."

Nilimwambia hivyo, na nilimshika bega wakati nikimwambia. Akasema kesho yake ataomba ruhusa kiwandani ampeleke. Nikasema miadi ni Ijumaa, tukienda bila miadi tutakaa benchi siku nzima na kurudishwa, na kazini watamkata siku. Nikasema pengine ni mafua yanapita. Nikasema tuvumilie. Katika ukoo wetu mimi ndiye mvumilivu. Nilimuuguza mume wangu miaka sita bila kunung'unika, na nikisema tuvumilie hakuna anayebisha. Akanisikiliza. Siku tano zile alikuwa akimvalisha mtoto soksi hata mchana, akizifunga kwa utepe kwenye vifundo vya mikono, na Mvua alilia kwa sababu hakuweza kushika vifungo.

Alhamisi kona ya jicho ilivimba, ikawa nyekundu kama imeumwa na mdudu. Ukigusa, usaha ulitoka kwenye vile vitundu viwili.

Ijumaa tukaenda wote watatu. Daktari alimwangalia Mvua kwa muda mrefu. Akatafuta kitanzi kwenye kona ya jicho, hakukiona. Akavaa taa kichwani, akachukua koleo refu jembamba, akamwambia binti yangu amshike mtoto kichwa, akaingia puani. Mtoto alipiga kelele, koleo likatoka na mrija. Ulikuwa umefungwa fundo chini, na juu una ncha mbili. Aliunyoosha kwenye kipande cha shashi nyeupe akausogeza chini ya taa.

"Huu haukuchomoka," alisema. "Huu umekatwa na mkasi. Angalieni, umekatwa safi kabisa."

Binti yangu aliinama kuangalia. Ncha zile mbili zilikuwa zimekatwa mshazari, zimelingana.

Nilimwona akizitambua. Hakunigeukia. Mgongo wake tu ndio ulibadilika, ulinyooka kidogo, kama mtu aliyeguswa na kitu cha baridi.

"Nani alikata?" aliuliza daktari.

Nilikuwa nimefungua mdomo, naapa nilikuwa nimeufungua, lakini binti yangu alinitangulia.

"Mimi," alisema.

"Wewe?"

"Mimi, daktari."

"Uliambiwa nini siku ile?"

"Niliambiwa nisikate."

"Ukakata lini?"

Binti yangu aliitazama ile shashi. Siku yenyewe hakuijua. Kwenye benchi, mkoba ukiwa mapajani, nikasikia sauti yangu ikisema, "Alhamisi. Alhamisi ya wiki iliyopita."

"Alhamisi," alirudia binti yangu, polepole. Alhamisi ilikuwa kabla ya Jumamosi. Kabla ya soksi.

Daktari alituangalia mmoja baada ya mwingine. Sijui alielewa nini. Alizungumza na binti yangu, na kila neno nililisikia likipita juu ya kichwa changu kwenda kumpata asiyehusika. Alisema kukata ni kosa, lakini makosa hutokea, ndiyo maana yeye yupo. Alisema tungekuja siku ileile angepitisha mrija mwingine njia ikiwa bado mbichi. "Siku nane," alisema. "Jeraha halikai siku nane linakusubiri wewe, mama. Linajifunga."

Kisha akafanya kipimo. Alimdondoshea Mvua tone la rangi ya manjano katika kila jicho, akatuambia tungoje dakika tano. Njia ikiwa wazi, rangi huteremka puani na jicho hubaki safi. Ukutani palikuwa na saa yenye mshale mwekundu. Mvua, ambaye alikuwa amenyamaza, aliniuliza kwa nini mama hasemi. Nikamwambia mama anahesabu.

Daktari alizima taa akawasha kitochi chenye mwanga wa bluu. Jicho la kulia lilikuwa jeusi, safi, na tulipompenga pua upande huo karatasi iling'aa manjano. Jicho la kushoto lilikuwa limejaa rangi mpaka ukingoni, kama kikombe, ikafurika, ikashuka shavuni kwenye ule mchirizi wake wa zamani. Pua ya upande huo ilikuwa haina kitu.

"Imefunga," alisema daktari akiwasha taa.

Akaandika dawa za kutuliza usaha. Akasema tungoje miezi minne uvimbe uishe kabisa. Baada ya hapo kuna hospitali nyingine wanakopitisha kipira kidogo, chembamba kama punje ya mchele, mpaka penye kizibo, wanakijaza maji kinapanua njia, wanakitoa, hiyo nayo bila kuchana uso. Lakini pameshikana makovu sasa. Kikishindwa, ni mfupa. "Siwaahidi," alisema.

Nje kulikuwa na benchi refu la mbao chini ya ubao wa matangazo. Binti yangu aliketi, akampakata Mvua, akaanza kumfungua utepe wa soksi mkononi. Fundo lilikuwa limekaza. Nilitaka kumsaidia, mafundo ni kazi yangu. Nikabaki nimesimama.

"Nilidhani ni nailoni," nikasema. "Ya mapazia."

"Najua."

"Mkono ulitangulia, mwanangu."

"Najua, mama. Ningejua hata bila kuambiwa. Nimekujua kwa ile ncha." Alifungua soksi ya kwanza, akaiweka pajani. "Sikutaka mtu mdogo kama yule akuseme mbele yangu. Ndiyo maana nikasema mimi."

"Asante."

"Usinishukuru." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Ungeniambia jioni ileile ningelia, ningekusema, halafu ningekusamehe kabla chai haijapoa. Uzi ningeusamehe. Lakini Jumapili uliniona na soksi mikononi. Ukanishika bega."

Mtu wa karibu yetu aliinuka akaenda kusimama mbali, kama watu wanavyofanya wakisikia ya wenyewe.

"Ulinishika bega, mama," alisema tena, akafungua soksi ya pili.

Jumatatu Mvua alipelekwa kwa mama wa jirani. Hakuna aliyetangaza. Binti yangu alimbeba tu asubuhi, akageuka kushoto badala ya kulia. Nyumbani hakuna kilichoharibika ambacho mgeni angeweza kukiona. Aliniamkia kila siku, "Shikamoo, mama," nikaitikia. Alinitengea maji ya kuoga, alinikatia mkate kipande cha katikati ninachokipenda. Lakini mambo ya jicho aliyafanya mwenyewe, amegeukia ukutani, pamba na dawa zikiwa upande wake wa kitanda. Kazini Futi aliniuliza bosi yuko wapi. Nikamweleza yote, tangu mwanzo, siku ambayo hapakuwa na faida tena. Alishika ile futi yake shingoni akaivuta upande huu na ule. "Bibi," alisema, "mimi nilikuwa na pikipiki." Akarudi kwenye meza yake. Kile kistuli hakuna aliyekihamisha.

Wiki ya tatu, Jumapili mchana, nilikuwa sakafuni nyumbani nikishona vifungo vya blauzi yangu. Mvua akaja mwenyewe, akakaa karibu, akalivuta kopo.

"Nipange?"

Binti yangu alikuwa mlangoni anaanika nguo kwenye kamba. Aligeuza kichwa, hakusema hapana.

"Panga," nikasema.

Alilimwaga lote kama kawaida yake. Vyeupe huku, vyeusi huku. Plasta ikaanguka, ikiwa bado kwenye kasha lake. Kisha ile karatasi ya sindano. Aliifungua kabla sijafika, akakiinua kile kipande kwenye mwanga, kwa kucha mbili, vilevile kama nilivyomfundisha bila kumfundisha.

"Bibi, hii nini?"

Kamba ya nguo nje iliacha kutikisika.

"Ni mrija," nikasema. "Ulikuwa jichoni mwako. Bibi aliukata."

"Kwa nini?"

"Nilidhani ni uzi."

Mvua aliusogeza karibu na jicho lake zuri, akaugeuza, akaufikiria kwa muda.

"Sio uzi," alisema. "Una tundu."

"Una tundu, ndiyo."

Akatafuta mahali pa kuuweka. Haukuwa mweupe wala mweusi. Mwisho akauweka peke yake, kati ya mafungu mawili, akaendelea kupanga. Jicho la kushoto lilijaa likamwagika, tone likashuka kwenye mchirizi mpaka kidevuni likaning'inia hapo. Mkono wangu wa kulia ulikwishaondoka. Niliuona ukiwa nusu ya safari, nikaurudisha, nikaukalia.

Binti yangu aliingia, akamfuta mtoto kwa pamba, kutoka ndani kwenda nje, mfuto mmoja. Alikiangalia kile kipande sakafuni. Hakukiokota. Akatoka kwenda kumalizia kuanika.